Tunaulaumu Mtambo, Mto Unachafuliwa Kwingine

Ipo kauli inayozunguka sokoni na matangani katika vilima vya Kalama, kusini mwa mji wa Machakos. Yasema kwamba kinachoharibu mito ya Ukambani ni mitambo ya majitaka: ule wa Nairobi huko Ruai, ule wa mji wa Machakos hapa karibu, na mwingine wowote utakaoletwa. Tiba yake, wasemavyo, ni kuifunga, kuisogeza kwa jirani, au kuikataa kabla haijafika.

Wanaosema hivyo si watu wa kupuuzwa. Ni wakulima wenye mashamba kando ya mto na wazazi wanaochemsha maji kila jioni, na wana macho na pua. Hata hivyo, ingawa wanachokiona ni kweli, wanachokihitimisha si kweli, na mito hii ni ya thamani mno kuachwa iamuliwe na hitimisho bovu.

Tuanze na kuwapa haki yao, kwa sababu ni kubwa. Mito ya Kalama haitiririki mwaka mzima. Inabeba maji wiki chache za mvua, hasa zile za Oktoba hadi Desemba ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi, kisha maji yanajificha chini ya mchanga. Watu wa huku waliujua ujanja wa kuyazuia yasitoroke. Kola, jirani yetu, ndiko Joshua Mukusya na wenzake walikoanzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, wakawa wanajenga kuta imara kukatiza mito ya msimu. Mvua ikinyesha, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembechembe zake, robo hadi theluthi ya ujazo wote, yakiwa yamekingwa na jua. Leo mabwawa ya mchanga ya Ukambani yanatembelewa na wageni kutoka mabara mengine wanaotaka kujifunza.

Matokeo yake ni haya: mto wa mjini huchukua uchafu ukaenda zake, mto wa huku huuweka. Kilichomwagwa mwezi wa Mei hukutwa mtungini mwezi wa Septemba. Kwa hiyo mtu wa Kalama anapoogopa majitaka kuliko mtu wa Nairobi, ana sababu zaidi.

Ana pia historia ya kumuunga mkono. Maji ya vilima hivi, kwa njia moja au nyingine, huishia mto Athi, mengi yakipitia Thwake, na Athi unafika kwetu ukiwa tayari umepokea mto Nairobi pamoja na vyote vilivyotupwa ndani yake. Anayesimama kwenye maporomoko ya Fourteen Falls msimu wa kiangazi huona povu bila kuhitaji darubini. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 pale Thwake unapokutana na Athi, limeandamwa na swali hilihili, na hata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameligusia: wananchi watakunywaje maji ya mto uliopita Nairobi? Na ni kweli tupu kwamba mtambo uliozidiwa humwaga maji yasiyofaa. Yeyote anayesimamia mtambo kama huo asije akajikinga na makala haya.

Nikishakubali hayo yote, bado nasema lawama imepelekwa mlango usio wake. Nina hoja nne, na hazilingani uzito.

Kwanza ni hesabu. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza kila kaya nchini Kenya kinyesi chake kinakwenda wapi. Zilizokuwa zimeunganishwa na bomba kuu la majitaka zilikuwa asilimia 9.7. Rudia kuisoma namba hiyo. Katika kila kaya kumi, hata moja kamili haikuwa imeunganishwa. Zilizobaki hutumia choo cha shimo, tangi la septiki, au kichaka. Kama mtambo unapokea uchafu wa sehemu hiyo ndogo, na kuupunguza japo nusu, haiwezekani uwe ndio chanzo kikuu cha uchafu wa mito ya nchi nzima. Kikuu ni kile kisichoufikia kabisa.

Uchukue mto Mitheu, unaopita katikati ya mji wa Machakos. Maji yake huharibika kabla ya kukutana na mtambo wowote. Yanapita mitaa ya nyumba za kupangisha ambazo mashimo yake hufurika mvua ikizidi, yanapita gereji zinazomwaga oili chini, yanapita wanaoosha magari, yanapita mitaro iliyojaa plastiki. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa madini mazito katika maji, udongo na mboga kandokando ya vijito vya manispaa hii, Mitheu ukiwamo. Madini ya risasi hayatoki chooni. Yanatoka kwenye betri, rangi, mafuta na vyuma, na hufika mtoni kwa maji ya mvua. Ufunge mtambo leo jioni, na kesho asubuhi sukuma wiki inayomwagiliwa kwa maji ya Mitheu itakuwa na risasi ileile. Kuulaumu mtambo kwa hali hiyo ni kumlaumu mfagiaji kwa takataka alizokutwa nazo mkononi.

Pili ni harufu na rangi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo kutoelewana kulikozaliwa.

Mitambo mingi ya Kenya, ule mkubwa wa Nairobi huko Ruai, uitwao Dandora, ukiwa mfano, haina injini za kutisha. Ni madimbwi yaliyochimbwa kwa mpangilio, moja likimimina kwenye jingine. Mpita njia huona vidimbwi vya maji ya kijani vinavyonuka na kusema: hapa hakuna kinachofanyika, wamekusanya tu uchafu. Wengine huongeza kwamba nchi tajiri zina mitambo ya kweli, ya umeme na vyuma, na sisi tumepewa mashimo.

Kinachofanyika ni kingi. Dimbwi la kwanza ni la kina, mita tatu au nne, halina hewa ndani yake. Yabisi huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huula uchafu huo na kutoa gesi. Harufu nyingi inatoka hapa, na katika nchi ya joto dimbwi hilo peke yake huondoa karibu nusu ya mzigo au zaidi kwa siku chache tu. La pili ni la mita moja na nusu hivi. Humo mwani hutumia jua kutengeneza oksijeni, bakteria huitumia oksijeni hiyo kumalizia uchafu, kisha humrudishia mwani hewa ya kaboni anayoihitaji. Mayai ya minyoo, ambayo klorini haiyawezi kirahisi, hushuka chini kwa uzito wake na kubaki kwenye tope. La mwisho ni la kina kifupi, kama mita moja. Mwani humeza kaboni hadi maji yanakuwa makali kama ya majivu, kipimo cha pH kikipita 9 alasiri, na mchanganyiko wa ukali huo, oksijeni na miali ya jua huua bakteria wa kinyesi. Safari yote huchukua wiki kadhaa. Muda na jua ndivyo vinavyofanya kazi, na vyote viwili Machakos inavyo vya kutosha.

Hata baridi ya huku imeshahesabiwa. Tuko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, na anayejua Julai ya vilima vya Iveti anajua. Ndiyo maana kanuni ya usanifu humtaka mhandisi apime ukubwa wa madimbwi kwa joto la mwezi wa baridi kuliko yote, asipime kwa wastani wa mwaka. Elimu hii haikutupwa kwetu kama mabaki ya nchi tajiri. Sehemu yake nzuri imekomaa hapahapa: Duncan Mara, mmoja wa mabingwa wake duniani, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Leeds, na mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa mwongozo wa kusanifu madimbwi mahsusi kwa Afrika Mashariki.

Sasa ile rangi ya kijani. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji yanayorudishwa mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo cha oksijeni ambayo uchafu utaidai. Madimbwi yanayofanya kazi vizuri kabisa yanaweza kushindwa mtihani huo, kwa kuwa mwani wenyewe, ambaye ndiye mfanyakazi wetu, huhesabiwa kama uchafu akiingia kwenye chupa ya sampuli. Jumuiya ya Ulaya iliuona mtego huo. Katika agizo lake la mwaka 1991 kuhusu majitaka ya miji, iliruhusu maji ya madimbwi yachujwe kwanza ndipo yapimwe, na ikakubali yabisi hadi miligramu 150 kwa lita. Kwa hiyo gazeti linapoandika kwamba maji ya madimbwi fulani yamevuka kiwango, swali la kuuliza ni: yamevuka kwa mwani au kwa kinyesi? Idadi ya bakteria wa kinyesi ndiyo itakayosema. Rangi haisemi.

Machakos inapaswa kuwa mahali pa mwisho duniani pa kuhukumu kwa macho. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, alivitazama vilima hivi vilivyochanwa na makorongo akaandika kana kwamba wilaya imeshakufa. Kauli hiyo iliaminika kwa miongo. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu, More People, Less Erosion, kikionyesha kwa vipimo kwamba watu wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya thelathini na mmomonyoko umepungua, kwa matuta na jasho la wenyeji. Aliyepima alimshinda aliyetazama.

Tatu, na hapa ndipo mpinzani wangu ana nguvu zaidi: “Sawa, madimbwi yanafanya kazi kitabuni. Lakini la kwetu limejaa, linafurika, na bomba limepasuka.” Mara nyingi ni kweli. Tope la dimbwi la kwanza lazima litolewe kila baada ya miaka michache, likifika kama theluthi ya ujazo. Lisipotolewa, majitaka hupita juu yake mbio na kutokea upande wa pili karibu yalivyoingia. Kazi hiyo haina utepe wa kukatwa wala bango la picha ya kiongozi, na pengine ndiyo maana huahirishwa. Isitoshe, majitaka ya miji yetu ni mazito kuliko ya Ulaya, kwa sababu tunatumia maji machache, na mtambo huelemewa mapema kuliko idadi ya watu inavyoonyesha.

Lakini angalia hoja hiyo inaelekea wapi. Inadai tope litolewe, bomba lizibwe, na eneo lipanuliwe. Haidai mtambo ufungwe. Anayetaka kufunga na anayetaka kukarabati wameona kosa lilelile wakaelekea njia tofauti, na mmoja tu kati yao atakuwa na jibu la swali la mahali majitaka yatakapokwenda kesho yake. Wapo pia wanaofaidika na kauli ya kufunga bila kujitaja. Ardhi ya madimbwi ni tambarare, iko karibu na mji, na bei yake hupanda. Huko Ruai, ardhi iliyotengewa upanuzi wa mtambo wa Nairobi iliishia kwenye hatimiliki za watu binafsi, hadi serikali ilipotangaza mwaka 2020 kwamba inaitwaa tena. Mkazi anayepiga kelele mtambo uhame huenda anamfanyia mtu mwingine kampeni bila malipo.

Nne ni imani tunayoipenda sisi wa mito ya mchanga: kwamba hatuhitaji mtambo kwa kuwa mchanga husafisha. Kuna ukweli wa kuheshimiwa humu. Mwaka 1829 James Simpson alijenga vitanda vya mchanga huko Chelsea, London, kuchuja maji ya mto Thames, na njia hiyo inatumika hadi leo. Maji ya bwawa la mchanga lenye bomba na kisima kilichofunikwa huwa salama kuliko ya silanga iliyo wazi. Hilo sibishani nalo.

Ila Simpson alihitaji masharti. Maji yapite polepole kutoka juu kwenda chini, juu ya mchanga pawe na utando wa vijidudu usiovurugwa, na pasiwe na mnyama anayekanyaga. Mto wetu hauna hata moja kati ya hayo mahali pale tunapochotea. Tunachimba kishimo kwa mkono, punda ananywa hapohapo, na choo cha shimo kiko ukingoni hatua chache juu. Mchanga wa mto una chembe kubwa na maji hupita upesi. Zaidi ya hayo, naitreti itokayo kwenye kinyesi huyeyuka ndani ya maji, na mchanga hauna namna ya kuikamata. Kipindupindu kilichoanza nchini Oktoba 2022 kilifika kaunti ya Machakos, na mito yetu ilikuwa na mchanga uleule.

Kwa hiyo Kalama itake nini? Nakubaliana na wapinzani wa mtambo katika jambo moja ambalo wao wenyewe hawalisemi vya kutosha: mtandao wa mabomba kama wa Nairobi haufai vilima hivi. Bomba la majitaka linataka maji mengi ya kusukuma, na hapa mtungi mmoja wa lita 20 unapangiwa matumizi matatu kabla haujaisha. Nyumba zimetawanyika, miteremko ni mikali, na gharama ya kilomita moja ingejenga mabwawa ya mchanga kadhaa.

Lakini masoko yetu yanakua. Kola si ile ya miaka ishirini iliyopita. Kila ploti ya kupangisha inakuja na tangi la septiki, na kila tangi hujaa. Lori la kunyonya majitaka huja, hulipwa, huondoka. Linakokwenda hakuna anayeuliza. Kama mtambo wa kupokea uko mbali au umefungwa, dereva ana kila sababu ya kusimama darajani usiku. Hapa ndipo kauli ya “tusijengewe karibu” inapomgeukia aliyeitoa: umbali wa mtambo ndio unaoleta mzigo wa lori mtoni.

Kinachofaa mji mdogo ni kituo kidogo cha kupokea tope la vyoo: vitanda vya kulikausha, madimbwi mawili matatu kwa maji yanayochujika, na ua. Kampala walijenga mtambo wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014, na ukapewa sehemu maalumu ya malori ya tope, mita za ujazo 400 kwa siku, kwa sababu walikiri kwamba wakazi wengi hawana bomba na hawatakuwa nalo karibuni. Naivasha kuna kampuni, Sanivation, iliyogeuza tope la vyoo kuwa makaa. Sisemi Kalama ianze kuuza makaa. Nasema tope lililokauka lina thamani, na lililotupwa mtoni halina.

Katiba ya 2010, ibara ya 43, inataja usafi wa mazingira na maji salama miongoni mwa haki, na jedwali lake la nne linaipa kaunti kazi ya huduma hizo. Kaunti huitisha mikutano ya maoni ya wananchi kila mwaka kabla ya bajeti, na wengi wetu huenda kudai barabara. Mwaka huu watu wa Kalama wangeweza kubeba maswali manne yaliyoandikwa. Lori linalonyonya vyoo vya masoko yetu humwaga wapi, na linapewa stakabadhi na nani? Tope la dimbwi la kwanza la mtambo wa mji lilitolewa lini mara ya mwisho? Maji yanayotoka hupimwa bakteria wa kinyesi mara ngapi, na matokeo hubandikwa ukuta gani? Ardhi ya mtambo imesajiliwa kwa jina la nani? Ofisa akisema atajibu siku nyingine, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa siku 21.